Mimi Nimepewa Miguu Tu

Haya yalimpata mwanamke mmoja fundi cherehani ninayemfahamu vizuri, maana hata shati nililovaa sasa hivi ni kazi ya mikono yake. Kama unatafuta kitu cha kukuletea usingizi, achia hapa hapa tusije tukalaumiana. Yalianza Jumatatu asubuhi, jua limetoka vizuri, na fundi anagombana na cherehani yake.

Uzi ulikuwa unakatika kila baada ya mishono mitatu. Mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kiti mlangoni mwa duka miguu ameinyoosha juani, alikuwa anatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

"Itemee mate kidogo."

"Mama, hii ni mashine, si mtoto mwenye chango."

"Basi ibembeleze. Wewe kubembeleza hujui, ndiyo maana mwanangu siku hizi anashinda kwenye maombi."

Fundi akacheka. Wawili hawa walikuwa wanataniana hivyo tangu siku ya harusi, na wageni wakidhani wanagombana, shauri yao. Bibi huyo alikuwa ameugua mapafu mwaka mzima. Alikonda mpaka magauni yake ya zamani yakawa yanampwaya, ila mdomo haukukonda hata kidogo.

Ndipo akaingia mwanamke mmoja mwenye miwani, amebeba furushi la kitambaa cheupe. Hakukaa. Alitoa karatasi ya vipimo akaiweka juu ya meza, akaigeuza ili maandishi yamtazame fundi. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mabega yaliandikwa kila moja peke yake. Jina la mteja halikuwepo. Chini kabisa yalikuwapo maelezo kwamba upindo wa gauni uwe na mifuko kumi na sita, kila mmoja ukubwa wa kiganja, wenye kifuniko na vifungo viwili.

"Mifuko upindoni ya nini?" fundi akauliza. "Atakuwa anaokota nini huko chini?"

Yule mwanamke akatabasamu. "Sehemu yako ni kushona, dada. Kujua ni sehemu ya mwingine. Tunalihitaji Ijumaa."

Fundi akajua ametoka wapi. Nyuma ya mtaa wa maduka palikuwa na jengo la kiwanda cha zamani cha sabuni, na humo, kwa mwaka wa pili sasa, walikuwa wanakusanyika watu waliojiita Wenye Sehemu. Mkubwa wao aliitwa Mlezi, mwanamume wa sauti ndogo, safi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Mafundisho yake yalikuwa mepesi, mtoto angeyashika. Kazi ya Mungu ni nzito, mtu mmoja haiwezi, ndiyo maana imegawanywa. Kila mmoja abebe sehemu yake na asitazame ya mwenzake. Anayetazama ya mwenzake, uzito wote unamhamia.

Mume wa fundi alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la shule, na wazazi walimpenda kwa sababu alikuwa anashuka mwenyewe kuwavusha watoto barabara, amewashika mikono wawili wawili. Mtu mpole, ambaye hata kuku hachinji. Alipoanza kwenda kwa Mlezi, fundi alishukuru kwamba si baa. Ndiyo, alishukuru! Na mpaka leo hajajisamehe.

Mlezi alishawahi kuja nyumbani kwao mara moja. Alisema ugonjwa unaokaa muda mrefu ndani ya nyumba ni mgeni anayewafungulia wenzake mlango. Bibi, akiwa kitandani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Na wewe, baba, mama yako yuko wapi?" Mlezi alinywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Basi fundi akakata kitambaa. Shaka ilikuwepo, mimi simtetei, na yeye mwenyewe hajitetei. Alipokuwa anashona mfuko wa tano aliuweka kwenye kiganja akaupima uzito wa kitu ambacho hakikuwemo, na roho ikamwambia acha. Akajijibu kwamba yeye kazi yake ni kushona tu. Akashona wa sita.

Jumatano mchana gauni lilikuwa limetundikwa, limebaki kupigwa pasi. Fundi alitoka kwenda kununua uzi duka la pili. Aliporudi alikuta bibi amelivaa. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono kiunoni, anajigeuza.

"Nani anaolewa kwa siri?" akasema. "Mwambie amechelewa, bwana harusi nimemchukua mimi."

Fundi alifungua mdomo acheke. Ndipo akaliona bega.

Gauni lilimkaa. Halikumkaa kwa kubahatisha, kama gauni la mtu mwingine linavyoweza kumkaa mtu. Mshono wa bega la kushoto, ulioshuka inchi moja chini ya wa kulia, ulilala sawasawa juu ya bega la bibi lililoshuka tangu alipolazwa. Kiuno kilikaa. Mikono iliishia mfupani. Fundi amepima watu miaka kumi na tisa. Mwili anaujua kwa namba kabla hajaujua kwa sura. Lakini bibi huyu hakuwa amempima tangu akonde.

"Mama," akasema polepole. "Nani amekupima?"

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja, akawa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Ah! Nimeharibu. Basi ndilo lenyewe? Mwanangu alinipima juzi mchana kwa futi yako. Nilikuwa nimejilaza, akadhani nimelala. Nikajua mnanishonea kitu mnishtukize, nikakoroma kabisa asije akagundua." Akajitazama tena kwenye kioo, macho yakamlowa. "Zuri, mwanangu. Ila hii mifuko huku chini mmenizidishia."

Fundi akamvua gauni taratibu, kifungo kimoja kimoja.

Tangu hapo hakumwamini mtu. Alitazama kila aliyeingia dukani akajiuliza huyu ana kipande gani. Fundi cherehani huwezi kumficha nguo kwa kuikata vipande. Mpe mkono, mpe kola, mpe paneli mbili za mbele, ataona koti. Na yeye akaanza kukusanya vipande.

Msusi wa duka la jirani alikuwa Mwenye Sehemu. Alikuja kupunguziwa sketi, na fundi, akiwa amepiga magoti na pini mdomoni, akamuuliza kama Jumamosi ana kazi. Msusi akasema yuko kwenye maombi saa nne, amepewa sehemu ndogo tu, tena ya heshima.

"Kuhesabu," akanong'ona. "Mpaka mia tatu. Wengine wote watakuwa wamefungwa vitambaa machoni. Nikimaliza napiga kengele."

"Unahesabu nini?"

Msusi akamshangaa. "Si nimekwambia? Mpaka mia tatu."

Fundi viatu wa kona naye alikuwa na ndoo chini ya benchi lake, na ndani ya ndoo mawe laini, ya mviringo, yameoshwa. Fundi wetu aliyahesabu kwa macho akiwa anachukua kandambili za mume wake. Kumi na sita. Mzee yule alifunika ndoo kwa gazeti, bila haraka, huku anamtazama.

Mawe. Mifuko. Kuhesabu mpaka mia tatu. Na kule kiwandani, kila mtu wa mtaa ule alikuwa anajua, kuna birika la saruji walilokuwa wanapikia sabuni, lenye kina cha kumfunika mtu mzima. Siku hizi lilikuwa limejazwa maji. Waliliita mahali pa kuoshwa.

Fundi akaliona gauni zima.

Alhamisi asubuhi mume wake alikuwa jikoni, anapaka mkate siagi, anajiandaa kwenda kuwachukua watoto wa shule. Fundi akafunga mlango ili bibi asisikie.

"Jumamosi sehemu yako ni ipi?"

"Haisemwi. Unajua."

"Umempima mama yako amelala. Kwa futi yangu."

Akaendelea kupaka. "Hiyo ilikuwa sehemu ya mwanzo. Imekwisha."

"Na ya pili?"

Kisu kilikwenda mpaka pembeni ya mkate, kikarudi.

"Mume wangu, ni mama yako! Wanataka kumuua mama yako, umesikia? Mama yako!"

Akamwinulia macho. Fundi anasema angependa kukuta wazimu pale, au hasira, chochote. Alikuta macho yale yale ya mtu anayevusha watoto barabara.

"Hakuna aliyeniambia habari ya mama," akasema. "Mimi nimepewa miguu tu. Kushika miguu. Kushika si kosa, mke wangu." Akaweka kipande cha mkate kwenye sahani, akakisukuma kwake. "Kula. Usitazame ya wenzako, utaelemewa."

Saa tatu fundi alikuwa kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza, amekunja mikono. Fundi alieleza gauni, akaeleza mawe, akaeleza mtu wa kuhesabu. Kadiri alivyosema ndivyo alivyojiona mjinga, maana kila kitu kilikuwa kinatoka mdomoni mwake kikiwa kidogo.

"Gauni si kosa, mama," askari akasema. "Mawe si kosa. Kuhesabu wanahesabu hata watoto." Akainama mbele, akashusha sauti. "Na wewe? Sehemu yako umeimaliza?"

Fundi hakuwa amelitaja neno hilo tangu aingie mle ndani. Alikuwa amesema kazi. Alikuwa na uhakika alisema kazi. Akaaga, akatoka, akatembea bila kukimbia mpaka alipokata kona.

Ijumaa asubuhi alimkabidhi yule mwanamke wa miwani gauni, limepigwa pasi na kukunjwa. Alimtazama usoni na kumtakia maombi mema. Asingelitoa, wangejua. Saa sita mchana, mume akiwa bado barabarani na watoto wa watu, fundi alimtia bibi kwenye basi, wakaenda mji wa tatu kutoka hapo, kwa kaka yake fundi. Bibi aliambiwa wanakwenda kusalimia tu. Alinyamaza safari nzima, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Walipokuwa wanashuka akamshika fundi mkono.

"Ni mwanangu, au si mwanangu? Niambie tu."

Fundi akainama kuokota mfuko wao wa nguo. Bibi akatikisa kichwa, akavuta mtandio wake, wakaingia ndani.

Kaka mtu alisikiliza yote, akasema kesho alfajiri atakwenda kwa polisi wa mji wake, wale wa kwao fundi wasihusishwe. Fundi akageuza jioni ile ile. Alitaka kuonekana dukani. Tena alikuwa na tumaini la kijinga kwamba mume wake, akiona kiti cha mama kitupu, ataamka.

Mume hakuuliza kiti. Jumamosi aliamka, akaoga, akavaa shati jeupe, akaondoka.

Fundi akafungua duka. Mtaa ulikuwa umetulia kuliko siku zote. Msusi amefunga. Fundi viatu amefunga. Saa nne kamili ukasikika wimbo kutoka kiwandani, watu kama tisa hivi, wanaimba taratibu. Fundi akajiambia waimbe mpaka wapasuke. Hawana mtu. Kiti kitupu. Mtu yuko mbali, anakunywa chai.

Wimbo ukapanda.

Ukapanda tena, ukawa kelele. Kama watu wanaotaka kufunika sauti nyingine.

Fundi aliweka mkono juu ya cherehani. Akajikuta anahesabu. Alifika mia mbili na tisini na nane. Mia mbili na tisini na tisa.

Kengele ikalia. Kimya.

Mume alirudi saa sita. Mikono ya shati ilikuwa imelowa mpaka viwikoni. Alikaa, akaomba chai.

"Tumemaliza," akasema. "Mama amepumzika."

"Mama yuko kwa kaka yangu," fundi akamwambia. "Nilimpeleka jana. Hamkuwa na mtu, unanisikia? Mmezamisha gauni."

Akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mfiwa ambaye bado hajakubali. "Nilimshika mwenyewe. Alipigana sana mwanzoni. Baadaye akatulia."

Fundi alitoka mbio uani na simu. Wifi yake akapokea, akasema mbona bibi yupo, alinywa chai asubuhi, usingizi ukamchukua pale pale kwenye kochi, ndiyo kwanza anaamka. Akampa bibi simu. Fundi akasikia pumzi, na kikohozi kizito, chenye maji.

"Nipo, mwanangu," bibi akasema. Sauti ilikuwa imekauka. Hakutania.

Polisi wa mji ule mwingine walifika alasiri. Hawakupata taabu ya kumkamata mtu, kwa sababu wote walikuwa wamekaa uani kwa utulivu, na kila mmoja alisema sehemu yake alipoulizwa, bila kuficha. Nilihesabu tu. Niliokota mawe tu. Nilifunga vifungo tu. Nilishika mikono tu. Nilishika miguu tu. Mlezi naye, kucha zake safi, akasema, "Mimi nilisema tu."

Ndani ya birika walikuta gauni limelala chini, mawe kumi na sita mifukoni, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Ndani yake hapakuwa na mtu. Walipolikausha birika waliona sakafu imemwagiwa saruji mpya, wakaivunja. Chini walikuwa watatu, kila mmoja na gauni lake jeupe. Mmoja alitambuliwa. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyesemekana tangu mwaka jana kwamba amehamia kwa wanawe.

Kwa hao watatu walihukumiwa. Kuhusu wa nne, hakimu alishindwa pa kuandika. Watu tisa waliapa kwamba siku ile walimuua mama wa dereva, na mama wa dereva alikuwa amekaa benchi la mbele mahakamani, anawasikiliza.

Mwezi wa nne tangu siku ile bibi akasema anataka kumwona mwanawe gerezani. Fundi alimkatalia, akambembeleza, akamnunia. Wapi! Wakaenda. Bibi alikuwa amezidi kunyamaza siku hizo, na tangu arudi kutoka kwa kaka mtu alikuwa anavaa soksi ndefu hata kwenye joto. Fundi alidhani ni baridi ya uzee.

Mume aliletwa akakaa upande wa pili wa wavu. Alikuwa amenenepa kidogo, ana amani. Alimsalimia mke wake, akauliza habari za cherehani. Kisha akamtazama bibi kwa muda, kwa adabu, kama mtu asiyemjua.

"Umekuja na nani?"

"Ni mama yako," fundi akasema. "Mtazame. Mama yako mzima huyu hapa."

Akatikisa kichwa. Akasogea kwenye wavu, akanong'ona ili mgeni asisikie. "Mama aliniita siku ile. Kutoka chini ya maji, mke wangu, maji yamemfunika, na nikamsikia. Aliniita Kibogoyo. Hakuna anayelijua jina hilo. Lilikuwa letu wawili, tangu kabla sijaota meno."

Fundi hakuwa amewahi kulisikia. Alisikia kiti cha bibi kikisukumwa nyuma. Bibi alikuwa ameshasimama, anaelekea mlangoni.

Alimkuta nje, amekaa kwenye ukingo wa ukuta, juani, anavua soksi. Alivua ya kushoto, akavua ya kulia, akaziweka pembeni, akainua gauni mpaka juu ya vifundo vya miguu.

Kila mguu ulikuwa na alama za vidole. Vinne upande mmoja, dole gumba upande mwingine, zimeingia ndani ya ngozi, nyeusi na mbichi kama za jana. Miezi minne ilikuwa imepita. Fundi akapiga magoti pale chini kama anavyopiga magoti kwa mteja yeyote, akaweka vidole vyake juu ya zile alama. Havikufika. Mkono uliozifanya ulikuwa mkubwa kuliko wake, na aliujua, ameulalia miaka kumi na miwili.

"Nilikuwa nimelala pale kwenye kochi," bibi akasema. "Maji yakaja. Sikuona mtu, ila mikono ile niliijua, mimi ndiye niliyeizaa. Nikajua nikimwita ataniachia."

Alishusha gauni, akalinyoosha magotini.

"Nilimwita mara tatu, mwanangu. Mara ya tatu akakaza."